Mbegu ya Leo Ilianza Miezi Mitatu Iliyopita

Katika nyumba nyingi za Waembu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa kwanza wa kike jina la nyanya yake mzaa baba, ndipo zamu ifike kwa wazazi wa mama. Jina lisipopata wa kulibeba, ukoo mzima huuliza. Kibugu, huko juu ya mji wa Embu kwenye mteremko wa Mlima Kenya, ni kama vijiji vingine vya eneo hili: ndoa ikimaliza miaka miwili bila ujauzito, wa kwanza kutumwa kliniki ni mke. Atapigwa picha ya tumbo la uzazi, atapimwa damu, ataandikiwa vidonge vya kuchochea yai, pengine atapitia eksirei ya mirija yenye maumivu, na wakati wote huo mumewe hajatoa hata tone moja la kupimwa. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba takribani mtu mzima 1 kati ya 6 hukumbwa na tatizo la uzazi wakati fulani maishani, na madaktari wa fani hii wanakubaliana kwamba katika karibu nusu ya wanandoa hao upande wa mwanamume una mchango, ama peke yake ama pamoja na ule wa mke. Haki peke yake ingetosha kumpeleka mume maabara mapema. Lakini ipo sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni muda. Mbegu ya kiume hutengenezwa kwa karibu miezi mitatu. Mwanamume asiyelijua hilo atayasoma vibaya majibu ya kipimo chake, atanunua dawa isiyoweza kumfaa, na ataacha njia iliyo sawa kabla haijazaa matunda.

Kazi hiyo hufanyika ndani ya korodani, katika mirija myembamba iliyojikunja ambayo ikinyooshwa na kuunganishwa ingefika mamia ya mita. Kwenye ukuta wa kila mrija zimo seli mama. Kila zinapogawanyika, baadhi hubaki zilivyo kuwa akiba ya miaka ijayo, na nyingine huingia safarini. Zilizoingia safarini huongezeka idadi kwanza, kisha hupita mgawanyiko wa pekee usiofanyika popote pengine katika mwili wa mwanamume: kromosomu hupungua kutoka 46 hadi 23, ili zitakapokutana na 23 za yai mtoto apate 46 kamili. Ni hapo pia ambapo nusu ya mbegu hubaki na kromosomu X na nusu na Y, kwa hiyo anayemlaumu mkewe kwa kuzaa wasichana watupu anamlaumu mtu asiyehusika. Seli inayotoka kwenye mgawanyiko huo bado ni ya duara, haina mkia wala uwezo wa kwenda popote. Huchukua wiki kadhaa kujigeuza. Vinasaba hukunjwa na kubanwa ndani ya kichwa kidogo, mbele huwekwa kofia ya vimeng'enya vya kupenyea ganda la yai, mitokondria hupangwa shingoni ili kutoa nguvu, mkia huota, na karibu ute wote wa seli hutupwa. Muda wote huo seli hizo hulelewa na seli za Sertoli, zinazozizunguka na kuzilisha, huku baina ya mirija zikiwamo seli za Leydig zinazotengeneza testosteroni. Amri hutoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo: homoni ya LH huziamrisha seli za Leydig, na FSH huziamsha zile za Sertoli. Na mfuko wa korodani umewekwa nje ya mwili kwa sababu kazi hii hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la kawaida la mwili.

Mbegu inapotoka kwenye korodani ina umbo kamili, lakini haijui kuogelea. Husukumwa hadi epididimisi, mrija mmoja uliojikunjakunja nyuma ya korodani, wenye urefu wa takribani mita 6. Humo husafiri kwa siku chache hadi wiki mbili, utando wake ukibadilishwa na protini mpya zikiongezwa, na ni mwishoni mwa safari hiyo ndipo hupata uwezo wa kwenda mbele na kulitambua yai. Hata hapo haijaiva kabisa, kwa kuwa hatua ya mwisho hukamilikia ndani ya njia ya uzazi ya mwanamke. Muda wa safari nzima umepimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti Carl Heller na Yves Clermont walitia alama ya mionzi kwenye seli za wanaume waliojitolea nchini Marekani, wakaona kwamba mzunguko mmoja wa utengenezaji huchukua siku 16, na kwamba seli hupitia takribani mizunguko minne na nusu, yaani siku kama 74, kabla ya kuondoka korodani. Uchunguzi wa baadaye, uliotumia maji yenye haidrojeni nzito, ulionyesha kwamba kwa wanaume wengine kazi huisha mapema zaidi, ndani ya miezi miwili hivi. Kwa hiyo anayetaka hesabu salama na aseme miezi mitatu.

Mkulima wa kahawa analielewa jambo hili kuliko mtu wa mjini. Buni inayochumwa Novemba ilichanua mvua za Machi na Aprili, na hakuna anayeipima mbolea aliyoweka jana kwa buni iliyoiva leo mtini. Shahawa nazo zipimwe kwa hesabu ya namna hiyo. Mwanamume aliyeugua homa kali Januari, iwe ya malaria aliyoitoa nyanda za chini za Mbeere au ya homa ya matumbo, anaweza kupimwa Machi akiwa mzima kabisa na akakutwa na mbegu chache zisizo na mwendo. Watafiti wa Denmark waliochapisha kazi yao mwaka wa 2003 waliona hasa hivyo: idadi, umbo na mwendo wa mbegu vilishuka baada ya homa, na kiwango cha kushuka kilitegemea mbegu zilikuwa zimefikia hatua gani homa ilipoingia. Mtu huyo akiambiwa siku hiyo kwamba ni tasa, ameonewa. Alichopewa ni habari za Januari. Kinyume chake pia ni kweli: aliyeacha pombe wiki iliyopita asitarajie kipimo cha wiki hii kimsifu.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko vyote anavyopitia mke, ila kina masharti yanayopuuzwa mara kwa mara. Jizuie kujamiiana au kutoa mbegu kwa siku 2 hadi 7 kabla, pasipo kupunguza wala kuzidisha. Uliza kwanza maabara kama ina chumba cha faragha, kwa sababu sampuli inapaswa kufika mezani ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili, na matatu kutoka Kibugu hadi mjini Embu haikuahidi saa ya kufika. Ukilazimika kutolea nyumbani, beba chupa mfukoni mwa ndani, karibu na ngozi. Usitumie kondomu ya kawaida, mafuta, sabuni wala mate, maana vyote huziharibu mbegu. Tone la kwanza likimwagika nje, liseme, kwani sehemu ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi. Majibu yakija, viwango vya chini vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2021 ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita, milioni 39 kwa shahawa yote iliyotoka, asilimia 42 zenye mwendo wa aina yoyote, na asilimia 4 tu zenye umbo kamilifu. Hiyo 4 huwashtua wengi bila sababu, kwa kuwa hata kwa wanaume wenye watoto mbegu nyingi zina kasoro ya umbo. Viwango hivyo vilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, kisha kukata mstari juu ya asilimia 5 ya chini kabisa. Maana yake, wapo walio chini ya mstari na ni baba. Jibu likiwa baya, pima tena kabla ya kuamini, na kama uliugua homa katika miezi mitatu iliyotangulia, subiri miezi hiyo ipite kwanza.

Pingamizi kubwa husemwa kwa sauti ya chini: mimi nguvu zangu zipo, kwa nini nipimwe? Jibu limo katika ujenzi wa korodani wenyewe. Nguvu za tendo na hamu vinategemea testosteroni ya seli za Leydig, mishipa ya damu na neva. Mbegu zinategemea mirija. Mirija inaweza kuwa imekufa au njia ya kutokea ikawa imeziba, na seli za Leydig zikaendelea na kazi yao bila dosari. Hata wingi wa shahawa hausemi kitu, kwa kuwa mbegu ni sehemu ndogo mno ya majimaji hayo. Mengi hutoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume. Mwanamume asiye na mbegu hata moja anaweza asijue hadi siku ya darubini. Na aliyezaa na mke wa kwanza miaka kumi iliyopita asiutumie ushahidi huo leo, maana mbegu za wakati ule zilikwisha siku nyingi, na katika miaka hiyo huenda kisonono kiliziba mrija au mishipa ya vena ya korodani ilivimba. Uvimbe huo, uitwao varikosili, hupatikana kwa takribani asilimia 15 ya wanaume wote na kwa zaidi ya theluthi ya wanaokwenda kutibiwa ugumba, na mara nyingi unatibika kwa upasuaji mdogo.

Kuzichanganya nguvu na mbegu kumezaa kosa la hatari zaidi, la kudunga au kumeza testosteroni ili kupata mtoto. Anayefanya hivyo anajifunga uzazi. Pituitari ikiona testosteroni imejaa katika damu hunyamaza, LH na FSH hushuka, na ndani ya korodani, ambamo testosteroni inahitajika kwa kiwango kikubwa kuliko cha damuni, kiwanda husimama. Jambo hili lilithibitishwa kwa makusudi. Mwaka wa 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti katika nchi saba ambamo wanaume wazima walidungwa testosteroni kila wiki kama njia ya kupanga uzazi. Wengi waliishiwa mbegu kabisa baada ya miezi kadhaa, mimba zikawa haba mno, na mbegu zikarudi walipoacha. Vijana wanaojidunga ili wajaze misuli wanapita njia ile ile bila daktari wa kuwafuatilia, na kwa wengine kurudi huchukua mwaka au zaidi. Kwa anayetaka mtoto, dawa yoyote ya kuongeza nguvu ambayo muuzaji hawezi kukuonyesha kilichomo ndani yake iachwe dukani.

Vipi kuhusu vidonge vya zinki na asidi foliki, ambavyo angalau vinajulikana ni nini? Mwaka wa 2020 nchini Marekani yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanandoa 2,370 waliokuwa wakitafuta matibabu ya uzazi. Nusu ya waume walipewa zinki na asidi foliki kila siku kwa miezi sita, nusu vidonge visivyo na dawa. Watoto waliozaliwa hawakutofautiana kwa idadi, wala ubora wa mbegu haukuongezeka. Jaribio hilo liliipa dawa nafasi ya kutosha, muda wa kutengeneza mbegu mara mbili kamili, na haikufua dafu. Basi mwenye mizizi au unga anayeahidi mbegu nyingi kwa siku saba anaahidi kisichowezekana, kwa kuwa mbegu zitakazotoka siku ya saba zilikwisha kuumbwa kabla hujamjua. Nasema hivi nikijua kwamba wapo waganga wa mitishamba wanaoheshimika Embu na Meru, na kwamba watu hurudi kuwashukuru. Mimba huja pia kwa wanandoa wasiotumia chochote, na anayeuza dawa miezi mingi kwa watu wengi atashukuriwa na baadhi yao hata kama dawa ni maji. Anayeamini dawa yake na akubali kipimo kabla, na kipimo baada ya miezi mitatu, katika maabara ile ile.

Kibugu ni nchi ya kahawa na chai, na kahawa hupigwa dawa. Ushahidi mzito kwamba dawa ya shambani inaweza kufuta mbegu za mwanamume ulipatikana mwaka wa 1977 katika kiwanda kimoja cha Lathrop, California, ambako wafanyakazi walianza kuulizana kwa nini hakuna kati yao anayepata mtoto. Walipopimwa, wengi waliokuwa wakishughulika na DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni, walikutwa na mbegu chache mno au hawana kabisa. Afya yao kwa mengine ilikuwa njema, na ndiyo maana hakuna aliyestuka mapema. Vibarua wa mashamba ya migomba huko Costa Rica walipatwa na balaa hilo hilo. Wapo waliopona baada ya kuondolewa kazini. Waliofikiwa na sumu hadi kwenye seli mama hawakupona. Sidai kwamba kila kopo lililo ghalani Kibugu ni DBCP. Dawa za shaba za kuzuia chulebuni na kutu ya majani hazina historia ya namna hiyo, na kuhusu dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti, tafiti kadhaa zimeona uhusiano na mbegu hafifu, nyingine hazikuona. Lakini mzee akisema amepiga dawa miaka thelathini bila glavu na ana watoto sita, ajibiwe kwamba hata Lathrop walikuwamo waliozaa kabla ya kuajiriwa. Vaa glavu, barakoa na buti, oga na ufue nguo za kupigia dawa peke yake, na usichanganye dawa kwa mkono mtupu. Aliye na nafasi ya kupanda upya, aina ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka wa 1985 na Batian ya mwaka wa 2010 zinahimili chulebuni na kutu, kwa hiyo zinahitaji dawa kidogo, na mfuko wako pia utafurahi.

Kuhusu muguka, aina ya miraa, lazima niseme kwa uangalifu, kwa sababu ni riziki ya maelfu ya nyumba za Mbeere, na Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipoupiga marufuku, Embu ilikwenda mahakamani kuutetea. Madai kwamba muguka humaliza uume husemwa kwa jazba kuliko ushahidi. Ulioko ni mdogo: mwaka wa 1995 ulichapishwa uchunguzi wa shahawa za watafunaji sugu wa miraa nchini Yemen, ukaonyesha mbegu nyingi zenye kasoro za umbo. Hilo halitoshi kuhukumu zao, ila linamtosha mwanamume anayetafuta mtoto kuliweka kando kwa miezi mitatu na kujipima mwenyewe. Juu ya sigara na pombe nyingi ushahidi ni imara zaidi, na pombe haramu ina hatari yake nyingine: mwezi wa Februari 2024, huko Kangai katika kaunti jirani ya Kirinyaga, ilizika watu zaidi ya kumi na watano kwa siku chache.

Sasa pingamizi ambalo naliona kuwa zito kuliko yote. Miezi mitatu ni mingi, na mke naye ana umri wake. Ni kweli. Mwanamume huendelea kutengeneza mbegu hadi uzeeni, ingawa si bila gharama: uchunguzi wa vinasaba uliofanyika Iceland na kuchapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba kila mwaka wa umri wa baba humwongezea mtoto mabadiliko mapya kama mawili ya vinasaba. Mayai ya mke, kwa upande wake, hayatengenezwi upya. Hivyo kusubiri kusigeuzwe kisingizio. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, nendeni wote wawili baada ya miezi sita ya kujaribu, msingoje mwaka, na yeye aendelee kuchunguzwa wakati mume anahesabu wiki zake. Tena kuna majibu ambayo kusubiri hakuyabadilishi. Kipimo kikionyesha hakuna mbegu hata moja mara mbili, muone daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi katika hospitali ya rufaa ya Embu Level 5 au Nairobi, apime homoni na kuzikagua korodani. Homoni ya FSH iliyo juu sana mara nyingi humaanisha mirija imeshindwa. Ikiwa ya kawaida na korodani zina ukubwa wake, huenda njia imeziba tu na mbegu zimo ndani. Zikiwamo, zinaweza kutolewa kwa sindano na moja ikaingizwa ndani ya yai. Watoto wa kwanza wa kutungishwa maabara nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka wa 2006. Gharama bado ni kubwa mno kwa mkulima wa kawaida, na hilo linaniuma, lakini kujua shida iko wapi hakuna gharama hiyo.

Yote niliyosema kuhusu miezi mitatu yanasimama juu ya sharti moja, kwamba seli mama ziko hai. Zikifa, hakuna muda utakaozirudisha, na mara nyingi hufa utotoni, wakati ambapo hakuna anayewaza uzazi. Mama anayemwogesha mtoto wa kiume na atazame kama korodani zote mbili zimeshuka. Isiposhuka moja kufikia miezi sita, mtoto apelekwe hospitali, na upasuaji ufanyike kabla ya miezi 18, kwa kuwa joto la tumboni huziunguza seli hizo kadiri siku zinavyokwenda. Mvulana aliyebalehe akipata matumbwitumbwi na korodani ikavimba, aonwe na daktari. Na kijana akiamka usiku akilia kwa maumivu makali ya ghafla ya korodani moja, pengine akitapika, usimpe dawa ya maumivu ukangoja kupambazuke. Huenda imejisokota na kujikatia damu. Kuiokoa kuna nafasi nzuri ndani ya saa sita, na saa hizo zinajumuisha muda wa kutafuta gari, barabara ya kushuka hadi Embu na foleni ya mapokezi, kwa hiyo mkifika mwambieni mhudumu wa kwanza mtakayemkuta kwamba ni korodani na mtaje saa maumivu yalipoanza.